RUNGWE: ARDHI ILIYOTUPOKEA NA HAKI YAKE JUU YETU

(Mhadhara uliotolewa mbele ya waumini wa Kyimo, Tukuyu, wilayani Rungwe)



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeitandaza ardhi, akaisimamisha milima na kuipitisha mito. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu. Tulipoalikwa hapa Kyimo tuliombwa tuzungumze juu ya elimu. Tumechagua elimu moja ambayo katika madrasa zetu imesahauliwa mno, nayo ni elimu ya ardhi tunayoikanyaga. Kijana aliyesoma kwetu miaka mitano anaweza kukueleza lilipo bonde la Badri na umbali wa mlima Uhud kutoka Madina, na hilo ni jambo la kheri. Lakini muulize kijana huyo huyo, mto unaopita chini ya mgomba wa baba yake unaishia bahari gani? Muulize mlima anaouona kila alfajiri ulitokeaje, na ni nani aliyeishi hapa kabla ya babu wa babu yake? Mara nyingi atanyamaza.

Wanazuoni wetu wa kale hawakuwa hivyo. Al-Mas'udi alisafiri katika pwani ya Afrika Mashariki karne ya 10 na akaandika aliyoyaona. Al-Idrisi alikamilisha ramani yake mashuhuri ya dunia mwaka 1154. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaeleza watu, vyakula na miji yao. Waliona kuwa kuzijua nchi na watu wake ni kuitikia wito wa Qur'ani Tukufu, iliyotuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi na kuzingatia. Hata hivyo, kalamu zao ziliishia pwani. Bara hii ya milima hawakuifikia, na sisi tuliokuja nyuma yao hatukuiandika. Kwa hiyo maandishi ya mwanzo tuliyo nayo juu ya nchi hii yametoka kwa wageni kutoka Ulaya, kama Mskochi Joseph Thomson aliyepita hapa mwaka 1879 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1881. Katika miaka ya 1930 walikuja watafiti wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, wakakaa na Wanyakyusa na kuandika vitabu ambavyo mpaka leo husomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Si vibaya kusoma ya wengine. Lililo baya ni mtu kutegemea jirani amweleze nyumba yake mwenyewe.

Basi tuitazame nyumba hii: ardhi yake, maji yake, watu wake na maisha yake, kisha tuulize ina haki gani juu yetu.

ARDHI ILIYOTOKANA NA MOTO

Tunaposimama hapa kuelekea kibla, nyuso zetu huelekea karibu kaskazini, na Mlima Rungwe unakuwa mbele yetu upande wa kulia. Kilele chake kinakaribia mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Mlima huu ni volkano, na haukuota peke yake. Katika nchi yetu hii matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa linalotoka kaskazini-magharibi, la Usangu linalotoka kaskazini-mashariki, na la Nyasa linaloshuka kusini. Pale ambapo gamba la dunia limepasuka pande tatu, moto ulio chini hupata njia ya kutokea.

Wataalamu wa miamba wanakadiria kwamba yapata miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa, ukatawanya mbali majivu na mawe mepesi yenye vitundu. Mchimba msingi wa nyumba katika wilaya hii hukutana na tabaka la mawe hayo, mepesi kiasi cha kuelea juu ya maji. Kaskazini yetu liko ziwa Ngozi, lililojaa ndani ya shimo kubwa la volkano. Mashariki ya Tukuyu uko mlima Kyejo, ambao uji wake wa mawe ya moto ulitiririka mara ya mwisho yapata mwaka 1800, yaani kwa hesabu ya milima ni jana tu. Maziwa madogo ya duara kama Masoko, Ikapu, Itamba, Ilamba na Kingiri, yote ni makovu ya milipuko. Hata lile Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira ni mwamba uliotokana na uji huo wa moto, maji yakautoboa chini na kuuacha juu kama tao.

Ardhi hii haijalala usingizi kabisa. Desemba 1910 lilitokea katika eneo la Rukwa tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika, na milima yetu ilitikisika. Chemchemi za maji ya moto zingalipo. Katika eneo la Kyejo na mto Mbaka hewa ya ukaa hutoka ardhini yenyewe, nayo hukusanywa na kujazwa katika mitungi kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Mwaka 2021 visima vya utafiti vilichimbwa huko huko kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme.

Zingatieni hekima yake Mola. Moto ule ule ambao ungeonekana kuwa maangamizi ndio uliotuletea riziki. Majivu ya volkano yalioza yakawa udongo mweusi wenye rutuba, na udongo huo ndio unaobeba mgomba mwaka mzima bila kupumzika. Anayekula ndizi leo hapa Kyimo anakula zao la moto uliozimika kabla ya kuzaliwa mtu yeyote anayemjua.

MAJI YANAYOSAFIRI

Neema ya pili ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata chini ya milimita 600. Sababu yake ni mpangilio wa ajabu. Ziwa Nyasa liko kusini yetu, uso wake ukiwa mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Upepo unaotoka kusini-mashariki hupita juu ya ziwa, ukabeba unyevu, kisha ukakutana na ukuta wa milima ya Livingstone, Rungwe na Uporoto. Hauna pa kupita ila kupanda juu, na kila unapopanda hupoa, na kila unapopoa huangusha mvua. Ndiyo maana wakati mikoa mingine inaanika mahindi juani, watu wa hapa wangali wamejifunika ukungu na makoti.

Lakini mvua ikishaanguka huenda wapi? Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Uti wa milima ya Uporoto umeyagawa maji katika njia tatu. Yanayoanguka upande wetu huingia mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yakashuka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Kutoka Nyasa hutoka kwa mto Shire nchini Malawi, yakaungana na Zambezi, yakamwagika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Yanayoanguka upande wa kaskazini-mashariki hushuka bonde la Usangu, yakawa sehemu ya Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakaingia Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Na yanayoanguka magharibi kuelekea Mbeya huenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka.

Kwa hiyo mawingu yanayotua juu ya milima hii humnywesha mvuvi wa Malawi, mkulima wa mpunga wa Mbarali, na kuwasha taa ya msikiti wa Dar es Salaam. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu ni nyingi, zikiwemo matumizi makubwa ya maji huko Usangu. Mwaka 2006 mabwawa yalipopungukiwa, nchi nzima iliingia katika mgao mkali wa umeme. Watu walilalamika gizani bila kujua kwamba habari ya giza lile ilianzia milimani, kwenye vijito ambavyo mtoto anaweza kuviruka.

WATU WALIOIJIA ARDHI HII

Ndugu zetu, sisi sote hapa ni watu waliopokewa. Masimulizi ya Wanyakyusa wenyewe yanasema kuwa koo za watawala wao, mamalafyale, zilishuka kutoka Ukinga katika milima ya Livingstone, zikakuta watu waliotangulia, zikachanganyika nao. Ng'ambo ya mto Songwe wapo Wangonde, ndugu zao wa damu na lugha. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliketi Ulaya wakakubaliana mipaka yao, na mto Songwe ukawa mpaka. Ndugu wa tumbo moja wakajikuta raia wa madola mawili bila kuulizwa. Na mto wenyewe haukutii mkataba, kwani katika uwanda wa chini umekuwa ukihama njia yake, hata Tanzania na Malawi zikalazimika kuwa na mpango wa pamoja wa kuudhibiti.

Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wa kijamii ambao haukuwa na mfano mwingi duniani. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walitoka katika makazi ya baba zao wakaanza kujenga kijiji chao wenyewe, marika kwa marika. Walikua pamoja, wakaoa na kuzeeka humo. Kila kizazi kilipofika wakati wake ilifanyika sherehe kubwa iitwayo ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana mamlaka na ardhi. Msingi wa maisha hayo uliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa wema, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu. Utaratibu huu ulihitaji jambo moja, nalo ni ardhi ya ziada, ili kila rika lipate pa kujenga. Ardhi ilipojaa, utaratibu ukafa. Tulishike hilo, maana tutalirudia.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo wengi wetu hupenda kuiruka. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara mmoja aitwaye Mlozi bin Kazbadema, pamoja na wenzake Waswahili na Waarabu, alijenga ngome karibu na Karonga, kusini ya mto Songwe. Biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wakawaua wengi kando ya ziwa, na waliosalimika wakakimbilia kaskazini kuelekea kwa ndugu zao wa Unyakyusa. Vita kati yao na kampuni ya Waingereza iliyokuwa Karonga vilidumu kwa vipindi mpaka Desemba 1895, Mlozi alipokamatwa na kunyongwa.

Kwa nini tunayasema haya msikitini? Kwa sababu watu wale walibeba majina ya Kiislamu, na kwa familia nyingi za pande hizi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana na mtu anayesema yeye ni Muislamu. Hapana shaka kwamba Waingereza nao walikuwa na tamaa zao, na waliitumia vita ile kujipatia nchi. Lakini dhulma ya mtu mmoja haifutwi na dhulma ya mwingine. Uislamu umeharamisha kumteka mtu huru na kumuuza, na aliyefanya hivyo atajibu mbele ya Mola wake, awe ameswali au hakuswali. Mfanyabiashara yule alipita katika nchi mara moja, lakini picha aliyoiacha ilikaa vizazi. Dini ambayo kule Kilwa ilijulikana kwa elimu na uadilifu, huku ziwani ilitangulia kujulikana kwa bunduki na minyororo.

Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin mwaka huo huo. Wakajenga shule, zahanati na makanisa, wakajifunza Kinyakyusa na kukiandika. Tuseme ukweli: walijifunza lugha ya watu kabla ya kuwafundisha. Wajerumani nao wakaweka boma lao mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yalivuka mpaka na kuliteka boma hilo. Wengi wa waliolipa gharama ya vita vile walikuwa wapagazi, wanaume wa vijiji kama hivi waliobebeshwa mizigo ya wapiganaji wasiowajua kwa ugomvi usiowahusu.

Uislamu uliingia katika miji hii polepole, pamoja na askari, mafundi, madereva na wachuuzi, kisha baadhi ya wenyeji wakaupokea na kuwa ni wao. Mpaka leo sisi ni wachache katika wilaya hii, na majirani zetu walio wengi ni Wakristo. Tunazikana, tunaazimana majembe, tunasalimiana kwa ndaga. Hii nayo ni neema inayotaka shukrani.

MAISHA YA LEO

Mwenye kupita barabara kuu inayotoka Uyole kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu, ataiona Rungwe kwa macho. Kule juu, Isongole na Uporoto, ni viazi mviringo. Akishuka Kiwira na hapa Kyimo ni migomba, nyumba zimefichwa ndani yake, na mikungu imepangwa kando ya lami ikingoja malori. Mbele ya hapo, kuelekea Katumba na Tukuyu, ni mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Akiteremka Kyela hewa inabadilika, anakuta mpunga, kakao na minazi. Ndani ya mwendo wa saa chache ametoka kwenye baridi ya sweta akaingia kwenye joto la ziwani.

Chai ililetwa na Wajerumani na kuenea zaidi chini ya Waingereza. Wakulima wadogo walikuja kuingia katika kilimo hicho kwa wingi, wakipeleka majani katika viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Jani la chai halingoji. Lisipofika kiwandani siku ile ile huharibika. Kwa hiyo mkulima hana nguvu ya kuliweka ndani mpaka bei ipande. Tangu miaka ya 2000 wakulima wengi wamegeukia parachichi aina ya Hass, ambalo husafirishwa mpaka Ulaya, na mwaka 2022 China nayo ilikubali kulifungulia soko lake. Kila boma lina ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili wanaolishwa ndani, na mbolea yake hurudi kwenye mgomba. Huo ndio mzunguko ulioziweka hai familia zenye shamba dogo kuliko uwanja wa mpira.

Shida inaanzia hapo hapo: shamba ni dogo. Babu alikuwa na kilima kizima, baba akapata ubavu wake, mwana amepata mistari michache ya migomba. Tumesema kwamba mfumo wa vijiji vya marika ulikufa kwa kukosa ardhi ya ziada. Baada yake vijana walianza kutafuta nafasi mbali: kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, kisha kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini, wengi wakichukuliwa na lile shirika la kuajiri lililojulikana kwa jina la Wenela, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipolizuia. Leo wanakwenda Mbarali, Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam. Ndiyo maana majina yanayoanza na Mwa- utayakuta katika kila ofisi na kila soko la nchi hii. Wanaobaki hulima pale palipobaki, na palipobaki ni mahali ambapo wazee hawakupagusa: kingo za mito, mabonde ya chemchemi na miteremko ya msitu.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika msitu wa Mlima Rungwe walimwona nyani mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kirefu kichwani, ambaye sayansi ya dunia haikuwa imemsajili. Wawindaji wa hapa walikuwa wakimjua siku zote na wakimwita kipunji, na ni maneno yao yaliyowaongoza watafiti kumtafuta. Mwaka 2006 alipewa jina la kitaalamu lenye neno Rungwe ndani yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wapo kama 1,100 tu, hapa kwetu na katika msitu mmoja wa Udzungwa. Msitu wa Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Mwenyezi Mungu ameuweka umma huu wa viumbe katika ujirani wetu, na ukitoweka hapa umekaribia kutoweka duniani.

HAKI YA ARDHI JUU YETU

Ndugu waumini, baada ya kuijua, ina haki gani? Tunataja nne.

Kwanza, maji. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusiyafuje maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaotiririka, na kwamba watu ni washirika katika maji. Wanazuoni wa fiq'hi wakaweka kanuni ya harim, yaani eneo linalozunguka kisima au mto ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kulimiliki na kulifufua kwa kilimo, ili maji yasidhurike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya nchi yetu ya mwaka 2004 imekataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria na fiq'hi zimekutana mahali pamoja. Basi anayelima mpaka mgomba wake unaoga mtoni, au anayepanda mikaratusi inayofyonza maji juu ya chemchemi ya kijiji, asijidanganye kwamba hilo ni shamba lake tu.

Wazee wa zamani walihifadhi vichaka fulani wasivikate kwa kuogopa mizimu. Itikadi hiyo sisi hatuikubali. Lakini matokeo yake yalikuwa chemchemi zilizo hai. Je, ikiwa aliyeogopa mizimu hakukata mti, sisi tunaodai kumwogopa Muumba wa mti tunakata kwa ujasiri gani?

Pili, biashara. Tumesikia habari za mfanyabiashara wa Karonga. Mtu asiseme yale yalikwisha. Anayenunua viazi kwa gunia la lumbesa, likafungwa kilemba juu ya kilemba, ilhali sheria ya vipimo imeweka ukomo wa kilo 100, anamla mkulima jasho lake. Anayenunua parachichi likiwa bado ua, kwa bei ya mwenye njaa ya ada ya shule, ameingia katika biashara ambayo Mtume (S.A.W.) ameikataza, kwa kuwa tunda halijadhihiri kufaa kwake. Anayechuma parachichi changa ili awahi bei, mzigo wake hukataliwa huko ng'ambo na jina la Rungwe nzima huharibika. Wengi katika soko hawatasoma vitabu vyetu. Watasoma mizani zetu. Muislamu mmoja mwenye kipimo kamili hapa Kyimo atatengeneza yale ambayo mihadhara mia haiwezi kutengeneza.

Tatu, mirathi. Mzee akifariki, migomba inakatwa vipande kwa kamba, na mabinti wanaambiwa wao wameolewa, hawana sehemu. Mila ya pande hizi ilizoea kumpa ndugu wa marehemu na watoto wa kiume. Lakini fungu la binti, la mke na la mama limewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Tena fiq'hi ina njia ya kuokoa shamba lisiishe: warithi wanaweza kubaki na milki ya mushaa, yaani ya pamoja isiyokatwa, kila mmoja akajulikana fungu lake, wakagawana mavuno kwa hesabu iliyoandikwa na kushuhudiwa. Shamba moja lenye hesabu njema ni bora kuliko vipande sita visivyolisha mbuzi.

Nne, elimu. Tunapendekeza kila madrasa ya wilaya hii iwe na siku moja kwa mwezi ya kusoma ardhi. Wanafunzi wapandishwe kilimani waonyeshwe Rungwe, Kyejo na njia ya mto Kiwira. Wawaendee wazee wa kijiji, wawe Waislamu au Wakristo, wawaulize chemchemi zilizokuwepo na majina yake kwa Kinyakyusa, kisha waandike. Na kila mwanafunzi apande mti mmoja wa asili kando ya chanzo cha maji, autunze mpaka ahitimu. Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa anayepanda mti, kila anachokula ndege, mtu au mnyama kutoka kwake huandikiwa kuwa ni sadaka. Wakifanya hivyo miaka kumi, watakaoulizwa juu ya Rungwe hawatanyamaza.

Hakuna kati yetu aliyeiumba ardhi hii. Tumeikuta imewiva kwa moto na imenyweshwa kwa mvua, tumewakuta watu wametangulia na wametupokea, nasi tutaondoka tukiwaachia wengine. Tutaulizwa juu ya chemchemi tulizozikuta zinatoka maji na tukaziacha kavu. Tutaulizwa juu ya mizani. Tutaulizwa juu ya binti aliyefukuzwa kwenye shamba la baba yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) aibariki mvua ya nchi hii na mazao yake, atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, azidishe wema baina yetu na majirani zetu, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Wabillaahi tawfiq.